Mheshimiwa Amechemsha

Kiswahili kimelipa neno moja aibu mbili. Gari likizidiwa na joto, limechemsha. Mtu akishindwa jambo mbele ya watu, naye amechemsha. Anayetaka kuziona aibu hizo zikiwa zimesimama bega kwa bega, akae kando ya Jinja Road jijini Kampala saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imeganda kutoka Kitgum House hadi Nakawa. Hapatakosekana gari moja refu jeusi, vioo vyeusi, boneti imeinuliwa, mvuke unapanda kama wa sufuria ya matoke iliyofunuliwa kabla ya wakati. Mwenyewe yuko pembeni na suti yake, mkono mmoja simu, mkono wa pili chupa ya maji ya kunywa ambayo hajui aimimine wapi. Bodaboda zinampita kushoto na kulia. Injini ya pikipiki ya Boxer haina rejeta, inapozwa na upepo, kwa hiyo haina maji ya kuvuja. Kondakta wa kamunye, daladala ya Kampala, anachomoza kichwa dirishani: “Bambi, ssebo!” anasema, yaani pole, bwana, kwa sauti ya mtu ambaye siku yake imekuwa njema ghafla.

Watu humcheka mheshimiwa huyu kwa sababu isiyo yenyewe. Wanadhani gari limemwangusha. Mimi nasema gari halina kosa. Kilichomwangusha ni hesabu. Gari la kifahari hushuka bei kila mwaka, lakini spea zake hazishuki. Analolinunua mtu likiwa na miaka 12 amelilipia bei ya mtumba, na papo hapo amerithi matumizi ya yule tajiri wa kwanza aliyelinunua likiwa jipya. Tajiri yule alijua hivyo, ndiyo maana aliliuza. Anasa haikuwa katika viti vya ngozi wala katika redio yenye spika 14. Anasa ilikuwa ule uwezo wa kulipeleka karakana kabla halijaharibika, na uwezo huo haumo katika hati za kuuziana.

Tazama safari ya gari lenyewe. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo la miaka 12 ni halali kabisa. Linashuka melini Mombasa, linapanda zaidi ya kilomita 1,100 hadi bondi ya Kampala, linaoshwa, linapakwa nta, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Lakini plastiki iliyo chini ya boneti haisomi sheria wala haipakwi nta. Imepikwa na joto la injini kwa miaka 12 mpaka imekuwa kavu kama biskuti. Cayenne za mwanzo zenye injini ya V8 zilikuja na mabomba ya maji ya plastiki, yamelazwa juu ya injini, katikati ya safu mbili za silinda, mahali penye joto lisilopungua. Yakapasuka katika nchi nyingi, hata Porsche wenyewe wakatoa ya aluminiamu kuziba pengo. BMW nao, katika injini yao ya V8 iitwayo N62, waliweka bomba la maji ndani kabisa, na mpira unaolizuia kuvuja ukikauka, fundi anayefuata njia ya kiwandani hana budi kufumua sehemu ya mbele ya injini ili aufikie. Mpira wenyewe ni mdogo. Unacholipia ni siku za kuufuata huko ulikojificha.

Kanuni inayovunjwa hapo inajulikana vizuri na kila mpishi wa matoke. Hufunga ndizi kwa majani ya mgomba, huziweka juu ya maji, huzifunika kwa majani mengine na kuyakandamiza pande zote, kwa sababu mvuke ukitoroka hapaivi kitu. Rejeta nayo yataka mvuke usitoroke, ila yenyewe inataka hivyo ili maji yasichemke. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Injini nyingi za kisasa hufanya kazi kati ya nyuzi 90 na 105. Maana yake ni kwamba, kila gari kubwa linapopanda kilima cha Kololo, kinachoyazuia maji yake yasigeuke mvuke ni presha, na presha yenyewe inashikiliwa na mfuniko wenye springi na kipande cha mpira. Mfuniko mzima ukiongeza presha ya angahewa moja, kiwango cha kuchemka hupanda hadi nyuzi 118 hivi. Mfuniko ukilegea, au tangi la plastiki likipata ufa mwembamba kama unywele, gari la mamilioni linarudi kuwa sufuria. Na ufa huo una hila: hufunguka tangi likiwa la moto, hufunga likipoa. Asubuhi fundi anainama na tochi, haoni tone. Ushahidi pekee ni alama ya chumvi nyeupe, au ya waridi kulingana na rangi ya kulanti, iliyoganda kwenye mshono, na harufu tamutamu ambayo mwenye gari alidhani ni manukato ya abiria.

Wako watakaosema kosa ni la jua la Afrika, kwamba magari haya yameundwa kwa ajili ya Wazungu na baridi yao. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama Muscat isingekuwepo. Huko kiangazi hupita nyuzi 40, na magari yaya haya yanatamba barabarani, wakati mchana wa kawaida wa Kampala ni nyuzi 27 au 28, joto la mtu kuvaa koti bila kulazimishwa. Ninachokubali ni kwamba Kampala ina mitihani yake mingine. Ina vilima, ina vumbi jekundu linaloziba mapezi ya rejeta, ina mashimo ambayo mwaka 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliyaandalia maonyesho mtandaoni, na kila shimo hutikisa bomba lililokwisha kuwa biskuti. Zaidi ya yote ina foleni. Gari likikimbia, upepo unapita kwenye rejeta bila malipo. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni, huku kiyoyozi kikimimina joto lake mbele ya rejeta hiyohiyo ili mheshimiwa nyuma ya vioo vyeusi asitoke jasho. Lakini mitihani hiyo haivunji gari zima. Inafichua tu lile lililokuwa limeshavunjika na kukaa kimya.

Wengine watauliza: kulanti ya nini, kama kazi yake ni kuzuia maji yasigande? Nchini Uganda barafu ya asili iko juu ya Rwenzori, jirani na kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na hakuna Range Rover iliyofika huko. Swali ni zuri, jibu lake linauma. Kulanti hupandisha pia kiwango cha kuchemka, na ndani yake mna dawa zinazoilinda aluminiamu isiliwe na kutu yake. Maji ya bomba, na hata ya chupa yenye picha ya mlima, yana madini. Yakipata moto madini yanaganda ndani ya vijia vyembamba vya rejeta kama chokaa chini ya birika. Dawa zenyewe huchoka, ndiyo sababu kulanti hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hadi 5 kulingana na aina yake. Gari la mikono mitatu mara nyingi lina kulanti iliyobadilishwa mara ya mwisho katika lugha ambayo hakuna ajuaye kuisoma kwenye kijitabu chake.

Lawama nyingine humwangukia fundi. Inasemwa kwamba mafundi wa Kisekka jijini Kampala, kama wenzao wa Gerezani, Dar es Salaam, na Grogan, Nairobi, wakiona gari linachemsha hutoa themostati, ile valvu inayodhibiti joto la injini, na kuitupa. Ni kweli hutolewa, na ni kumtibu mwenye homa kwa kumvua shati. Injini inakosa joto lake la kazi barabara ikiwa wazi, inakunywa mafuta zaidi, na ufa unabaki palepale ukisubiri foleni. Lakini msikilize mteja anavyozungumza: “Fundi, nifikishe tu Entebbe.” Hakuomba tiba, ameomba kufika, na fundi amemuuzia kufika. Spea bandia nazo zipo. Nazo zingekosa soko kama mwenye gari la mamilioni asingekaa nusu saa akibishania bei ya mfuniko.

Ndipo kamunye huletwa kama shahidi: mbona magari hayo yanakunywa maji ya jerikeni miaka na miaka na hayafi? Ni kweli injini zake si ngumu kuelewa na zina nafasi ya fundi kuingiza mkono. Lakini siri yake nyingine haihusu kiwanda. Dereva wa kamunye anakula kutokana na injini ile, kwa hiyo kila alfajiri huiangalia kama mfugaji anavyoangalia kiwele. Mheshimiwa anaangalia mshale wa joto, na mshale ni mwanadiplomasia. Katika magari mengi ya kisasa umetengenezwa ukae katikati joto linapopanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ili mwenye gari asipate wasiwasi. Baadhi ya magari ya anasa yameuondoa kabisa, imebaki taa. Na maji yakiisha kabisa, kipimo kinaweza kubaki hewani na kusoma joto dogo, kwa hiyo dashibodi inatoa habari njema wakati hedi ya silinda inapinda.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwenye gari la kifahari ana tabia ngeni zaidi: akisifiwa, husahau kulitia maji hata kule yanakotakiwa. Muyenga, kilima ambacho watu wa Kampala hukiita Tank Hill kwa sababu ya matangi ya maji ya jiji yaliyo kileleni, ndiko magari haya yanakolala. Kila asubuhi mlinzi wa geti anaburuta mpira wa maji, anamwagilia maua, kisha anaosha gari mpaka rimu zinatoa kivuli chake. Maji hayakosekani, yote yanapita nje. Mlinzi huyohuyo, gari likiwa bado baridi tangu jana, angeweza kupewa kazi ya dakika moja kabla ya kufungua bomba: anyanyue boneti, ainame, aangalie kama kulanti iko kati ya ile mistari miwili iliyochorwa ubavuni mwa tangi. Ikiwa imeshuka chini ya mstari wa chini, amwamshe bosi. Bosi akinuna kwa kuamshwa, na anune. Ni afadhali anune Muyenga akiwa na kanzu ya kulalia kuliko Jinja Road akiwa na suti.