Alama 40 Haziendi Likizo

Msyuu! Nyie machalii mlioshuka jana na mabegi mgongoni, sogezeni benchi tusemezane. Tangu asubuhi hapa Lemara, Arusha, habari ni mikeka ya kubeti tu, wa nani umetiki, wa nani umechanika. Na anayeongoza mjadala ni yuleyule mwenye testi mbili akirudi chuo. Utasoma lini, mdogo wangu? "Bado wiki nzima, braza." Ah, wapi!

Wazee ambao hawajapita chuo waisikie hesabu hii. Vyuo vyetu vingi hutoa alama 40 kwa kazi za muhula, yaani testi na asaimenti, na 60 kwa mtihani wa mwisho. Hizo 40 ndizo kosiweki. Zinakusanywa kidogokidogo, na baadhi huandaliwa wiki hizihizi tunazoziita mapumziko. Vyuo kadhaa vina kiwango cha chini: usipokifikia, chumba cha mtihani huingii. Sapu nayo, yaani mtihani wa marudio, hata ujibu vizuri kiasi gani, mara nyingi haikupi zaidi ya C. Mwishoni ni disko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Ukidisko, bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, linakatika, lakini deni la Bodi ya Mikopo linabaki palepale.

Sasa nawasonya na wazazi. Likizo ya katikati ya muhula wa pili huangukia masika, Pasaka ikiwa karibu. Kule vijijini, Poli na Nkoaranga, mahindi yamezidiwa na magugu na ng'ombe anataka majani. Binti anashuka kwenye Hiace, begi halijafunguliwa, ameshapewa jembe na ndoo. Hadi saa nne usiku bado anaosha vyombo. Hendauti ziko kwenye simu, bando limeisha, umeme nao umekatika. Wiki inapita hivyo, anarudi chuoni kukaa kwenye testi akiwa na macho mekundu, halafu matokeo yakitoka tunasema anacheza na hela za mzazi. Jamani! Huyo si mvivu, amenyimwa muda. Kaka yake angalau akitoka shambani anapata nafasi ya kuja kijiweni. Yeye hata hiyo hana.

Tunaishi karibu na vyuo mpaka tumevizoea. Chuo cha Uhasibu hicho hapo Njiro, Arusha Technical ipo tangu 1978. Tunaona wanafunzi wakipanda daladala, tunadhani kazi yao inaishia getini.

Asaimenti ya grupu ndiyo inayoniuma zaidi. Watu watano wanatawanyika, mmoja Karatu, mwingine Tanga, na mwenye laptopu anaachiwa mzigo wote. Gawaneni kazi kabla hamjaondoka, kila mtu na sehemu yake na siku ya kuituma. Pakueni hendauti mkiwa bado mna intaneti ya chuo, fotokopini mitihani ya nyuma. Na mkiwa nyumbani, amkeni saa kumi na moja alfajiri mlianze lile somo mnaloliogopa, kabla jembe halijaita.

Mama, baba, mpeni mtoto saa mbili hizo za alfajiri, na jioni moja moja asiguse vyombo. Magugu ya leo yanaweza kungoja mpaka saa moja asubuhi. Nasi wa kijiweni, tukimwona mwanafunzi kwenye benchi hili wiki hii kabla hajamaliza asaimenti, tumrudishe nyumbani akasome.