Mlinzi Aliyenenepa Mlangoni

Katika mtaa wetu, mtoto akikoroma, madaktari huwa wengi kuliko wagonjwa. Wangu ana miaka mitano, analala mdomo wazi, na ngurumo yake inavuka ukuta hadi kwa jirani. Mama muuza maandazi ameshatoa hukumu: ni kimeo, kikatwe. Na fundi wa kukikata ana simu, anakuja mpaka nyumbani. Yaani fundi bomba humpati wiki nzima, ila mkata kimeo yuko tayari hata Jumapili!

Kimeo cha watu kinaonewa kwa sababu kinaonekana. Mwambie mtoto aseme "aaa", utakiona kinaning'inia pale pale. Mhusika amejificha juu zaidi, nyuma kabisa ya pua, pale njia inapopinda kushuka kooni. Ndiyo adenoidi, wengine husema nyama za pua. Kwa tochi ya simu humwoni ng'o. Anatafutwa kwa eksirei ya ubavuni au kwa kamera nyembamba ya kupitisha puani, na kamera hiyo mtoto akiiona tu, zahanati nzima inajua.

Daktari aliponieleza kazi yake nikazidi kununa. Kumbe ni mlinzi! Vumbi la barabara yetu, moshi wa mkaa, vijidudu wanavyogawana watoto chekechea, vyote vikivutwa puani vinapita mbele yake. Ana mikunjo ya kunasia, ana seli za kuokota wageni na kuwapeleka ndani wakaguliwe, kisha zinatengenezwa kingamwili za kuwasubiri kwenye kamasi. Mgeni akirudi siku nyingine anakuta jina lake daftarini. Yeye na mafindofindo ni kikosi kimoja, duara la ulinzi lenye jina la Waldeyer, Mjerumani aliyelieleza mwaka 1884.

Sawa, mlinzi. Lakini mlinzi gani huyu, kila akipambana na wageni ananenepa, hadi anaziba geti na mwenye nyumba anakosa pa kupita? Tena anaziba na mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikioni, maji yanatuama nyuma ya ngoma ya sikio. Halafu ripoti ya shule inakuja: "Hasikilizi darasani." Atasikilizaje?

Nikasema basi atolewe kesho. Daktari hana haraka. Ananipeleka Denmark, ambako Wilhelm Meyer wa Copenhagen alieleza maradhi ya nyama hizi mwaka 1868, na ambako baadaye zilipekuliwa kumbukumbu za watoto karibu milioni 1.2. Matokeo yalitoka 2018: waliokatwa kabla ya miaka 9 walionekana kuugua zaidi njia ya hewa baadaye maishani. Hilo halithibitishi kwamba kisu ndicho chanzo, akasema, na mtoto anayekatika pumzi usingizini hasubirishwi. Wangu hajafika huko. Tuanze na dawa ya kupuliza puani, tumwangalie. Nyama zenyewe huanza kusinyaa utoto ukielekea mwisho, na mtu mzima hubaki nazo kidogo sana au hana kabisa.

Hapo mke wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akajisogeza kitini.

"Samahani, daktari. Na baba yake huyu, mwenye miaka arobaini na minane, anakoroma kwa nyama zipi?"

Daktari akalitazama tumbo langu kwa kituo, kisha akachukua kalamu.