Namna ya Kufuta Nyimbo za Dunia Kwenye Simu ya Mkristo

Chaji simu ijae kabisa, maana kazi hii si ya dakika tano. Tafuta kivuli, weka Biblia kando yako, fungua faili la muziki. Mhubiri amesema nyimbo za dunia zitoke zote, na mimi nasema amegusa jambo la kweli: simu zetu nyingi zinahitaji kufagiliwa. Ila ukiamua kufagia, fagia mpaka uvunguni. Hii tabia ya kufuta bongo fleva Jumapili jioni na kuipakua upya Jumanne asubuhi ndani ya daladala imetuchosha hata sisi tunaokaa siti ya jirani.

Anza na zile zisizohitaji kikao. Wimbo unaomhesabu mwanamke kama bidhaa, unaosifia ulevi, unaomfundisha kijana kwamba mwenye pesa hana wa kumwuliza, huo futa. Mtoto wa darasa la kwanza akiimba sebuleni maneno ambayo mchungaji angeona haya kuyarudia, hapo hakuna mjadala.

Zinabaki zinazobishaniwa, na kwa hizo unahitaji kipimo. Kinachotembea sana makanisani kwetu ni kwamba wimbo usiomtaja Mungu ni wa dunia. Kitumie, lakini kabla ya kubonyeza popote soma kitabu cha Esta chote. Katika maandiko ya Kiebrania jina la Mungu halimo humo hata mara moja, na bado kitabu kimo katika Biblia. Ukitoka hapo nenda Wimbo Ulio Bora, sura nane za mwanamume na mwanamke wanaosifiana macho, shingo na matiti bila kumung'unya maneno. Tumefundishwa kuusoma kama habari ya Kristo na kanisa lake, nami sipingi. Lakini wapenzi wawili wamo humo pia, na wanapendana kwa sauti. Kwa hiyo ukikutana na "Malaika", ule aliourekodi Fadhili William wa Kenya, wa kijana anayempenda binti na hana mali ya kumwoa, niambie unaufutia nini. Vijana wa namna hiyo wamejaa kwenye mabenchi ya kanisa lako, na mahari hawajapata.

Basi utabadili kipimo, useme tatizo ni mahadhi. Sawa, tushike hicho nacho tukione kinatufikisha wapi. Kichwa cha Zaburi ya 22 kinamtaja kulungu wa alfajiri, na cha Zaburi ya 56 kinamtaja njiwa. Wafasiri wengi wanaona hayo ni majina ya nyimbo zilizojulikana wakati ule, mwimbishaji akitajiwa ili ajue mahadhi ya kufuata. Mwaka 1601 Mjerumani Hans Leo Hassler alichapisha wimbo wa mtu aliyechanganyikiwa kwa kumpenda msichana. Mahadhi yake yakahamia kanisani, Bach akayatumia katika Mateso ya Yesu kwa Mathayo, na mpaka leo Walutheri huyaimba wakati wa Kwaresima, wakikitazama kichwa cha Bwana kilichovikwa miiba.

Tusiende mbali hivyo. Wimbo wa taifa wa Kenya ni sala, kila Mkristo wa Kenya husimama wima kuuimba, na mahadhi yake, yaliyoteuliwa mwaka 1963, ni ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo kule Mto Tana waliwabembelezea watoto. Wa Tanzania ulikwenda njia ya kinyume, maana Enoch Sontonga aliutunga mwaka 1897 Afrika Kusini kama wimbo wa dini, na sasa hupigwa hata uwanja wa mpira. Na ule wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", ambao maneno yake aliyaandika mchungaji Bernard Kyamanywa wa Tanzania miaka ya 1960, umevuka bahari ukaingia katika vitabu vya nyimbo vya Ulaya na Marekani ukiwa na mahadhi ya jadi ya huku kwetu. Anayetaka kutoa kanisani kila mahadhi yaliyozaliwa nje ya kanisa ajiandae kusali kimya.

Nenda mazoezi ya kwaya Jumamosi ujionee. Mwalimu anainua mkono, sauti ya tatu inanyamaza kwa kuchelewa kama kawaida yake, naye anamgeukia mpiga gitaa la solo: "Hapo weka sebene." Kijana anapandisha vidole juu ya shingo ya gitaa, ngoma inakaza mwendo, akina mama wanachomoa vitambaa. Sebene hiyo ilikomaa katika bendi za rumba za Kinshasa, kwenye kumbi zenye bia na taa hafifu. Wale mama wametoka kubeba ndoo na kuuguza wakwe wiki nzima, na dakika ile wanacheza mbele za Mungu kwa shukrani. Siwezi kuiita dhambi, na mchungaji anayepiga makofi pale mbele haiiti dhambi.

Hata hivyo, yuko mtu ambaye hofu yake ni ya haki, na mwongozo huu unamheshimu. Ni yule aliyeacha pombe, na kila anaposikia wimbo fulani anaiona kaunta, anawaona na wenzake. Luther alipotoa wimbo wake wa Krismasi mwaka 1535, ulikuwa na mahadhi ya wimbo wa mitaani wa kutegeana vitendawili. Miaka minne baadaye ukatoka na mahadhi mengine, yale yanayoimbwa mpaka leo. Mahadhi hubeba kumbukumbu. Ndugu, kama wimbo unakurudisha ulikotoka, ufute, hata ungekuwa wa kusifia mvua. Warumi 14 imekulinda. Lakini sura hiyohiyo inakukataza kumhukumu dada yako ambaye wimbo ule unamkumbusha tu siku babake aliponunua redio.

Kipimo kilichobaki kipo Wafilipi 4:8. Paulo anatuagiza tutafakari yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki na safi, wala hasemi yapatikane rafu gani. Na huyo Paulo, pale Athene, katika Matendo 17, alitumia maneno ya washairi wa Kiyunani wasiomjua Kristo, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Ukishakishika, rudi kwenye simu na ufungue lile faili ambalo hukukusudia kulifungua, la nyimbo za Injili. Hapa ndipo kazi ilipo. Sikiliza ule ambao jirani katajwa kuliko Yesu. Jirani alinicheka, jirani ataona aibu, jirani ataniangalia nikipita na gari. Yesu alituagiza tuwapende adui na kuwaombea wanaotuudhi, na sisi tunamwomba awapige, tena kwa kinanda kizuri. Sikiliza na ule unaomweleza Mungu kama mtu wa kutoa mikopo. Mahadhi yake ni ya kanisani, jina la Bwana limo kila mstari, na mafundisho yake yanamharibu mtu polepole kwa sababu hakuna anayeyashtukia. Futa huo kabla ya kumgusa Remmy Ongala.

Maana Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba na Super Matimila habari za maskini na za kifo wakati wenzake wengi wanaimba mapenzi tu. Katika "Mambo kwa Soksi" aliwaonya watu juu ya UKIMWI, waziwazi, siku ambazo sisi kanisani tulizika vijana tukinong'ona. Kuhusu kondomu, ambazo ndizo soksi za wimbo huo, unaweza kubishana naye. Kuwahurumia watu huwezi kumfundisha. Mwishoni mwa maisha yake aliokoka akaimba Injili, akafariki Desemba 2010. Mimi naamini huruma ile ya mwanzo nayo ilikuwa ya Mungu.

Wazee wa kanisa, kwenu nina ombi. Mkisikia kijana wa kwaya amenaswa na wimbo wa dunia, msimsimamishe kwa jina la msanii mliloliona kwenye kioo cha simu yake. Mwiteni, mpeni kiti, usikilizeni wimbo wote pamoja, naye aseme alichokipenda humo. Kisha sikilizeni na ule uliopigwa ukumbini kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti, kamati ilipoingia ikicheza na fedha mkononi, nanyi mkiwa mstari wa mbele. Pimeni zote mbili kwa mstari uleule wa Wafilipi. Mkikuta uchafu, mwambieni ni mstari gani na kwa nini. Msipoukuta, mrudishieni sare yake, Jumamosi awahi mazoezi.