Sitini kwa Juisi ya Mabungo

Shemeji yangu ni mhudumu katika hoteli moja ya Nungwi, na kazi imemharibu. Kutwa anawamiminia wageni mvinyo, yeye mwenyewe hajatia hata tone mdomoni, ila namna wanavyouonja ameihifadhi yote. Glasi hushikwa kwa kikonyo, ikazungushwa, ikanuswa. Mtu hupiga funda moja, akafumba macho, akatema ndooni, halafu akadai amesikia ladha ya ngozi na udongo uliorowa. Kisha anatoa alama.

Jumapili moja akatuzukia Mkunazini na daftari. Nyumba yetu mvinyo hauingii, lakini vinywaji vya kushindanishwa havikosekani: ukwaju, rozela, mabungo, na tende kwa maziwa. Jikoni kulikuwa na wali wa nazi na changu wa kupaka. Shemeji alitaka tuamue kipi kinamfaa zaidi changu.

Akatusomesha kwanza. Kuna Mmarekani, Robert Parker, aliyeanzisha jarida lake la mvinyo mwaka 1978, na ndiye aliyewazoesha watu kutoa alama kwa 100. Kwa hesabu yake kila mvinyo unaanza na 50 mkononi.

"Hamsini za bure?" Bibi akauliza. "Hata ukiwa siki?"

"Hata ukiwa siki, Bibi."

"Basi huyo ana huruma. Mwalimu wangu wa chuoni alianzia na bakora."

Tende zilikuwa zimesagika nusu pale umeme wa tukuza ulipokatika. Mtoto akatumwa dukani, akarudi na karatasi yenye tarakimu 20. Ami, ambaye miwani yake haijulikani iko wapi tangu Idi, akashikilia kuzisoma mwenyewe. Kila nane kwake ilikuwa tatu. Mita ikawa inakataa, na sisi tunanusa samaki tu, bila glasi.

Umeme uliporudi, shemeji akaanza na rozela. Akaizungusha, na tone likaruka hadi kwenye kanzu nyeupe ya Ami (wanaoijua rozela wanajua kanzu hiyo sasa ni ya kushindia nyumbani). Akapiga funda, akalisukutua shavu hili na lile, akatafuta ndoo. Hakuiona, akatemea kwenye beseni la kunawia.

Mkeka mzima ukanyamaza.

"Mwanangu," Bibi akasema taratibu, "imeingia mdudu?"

"Hapana Bibi, ndio utaratibu."

"Utaratibu wa kutema neema mbele ya aliyeiandaa? Astaghfirullah."

Hapo ndipo ninapoona mchezo huu ulivyo mgumu kwetu. Aliyeukamua mvinyo yuko Ufaransa, hakusikii. Hata zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, mkulima wake hayuko mezani kwako. Juisi ya Unguja mwenyewe yupo, amekaa mbele yako, na upawa ameushika yeye. Ndiyo maana Ami alitoa 100 kwa kila kitu, mashallah, na maji ya kunywa pia yakapata 100. Jirani naye alitoa 100 kisha akaulizia chupa ya kwenda nayo.

Shemeji, mwenye kufuata haki, akaandika mabungo 60.

Mabungo yale Shangazi aliyachagua Darajani mwenyewe. Aliyapasua, akaroweka kokwa zake, akazipekecha kwenye chujio mpaka vidole vikanywea.

"Sitini," akasema. "Na hamsini ulisema ni za bure?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa hiyo jasho langu lote ni kumi."

Shemeji akafungua kinywa, akakifunga. Changu alipozungushwa, kwake ulifika mkia, tena upande wa miiba, na nazi imekwanguliwa. Akautazama. Akaomba aongezewe mabungo, akanywa glasi nzima bila kuizungusha wala kuinusa, akachukua kalamu akakata ile 60, akaandika 98.

Shangazi akalivuta daftari, akasoma, akamwekea kichwa cha changu. Jicho moja alikuwa ameshalila.