YAH: Ombi la ofisi yako kuhamia baa

Kwa Mkuu wa Ofisi Inayohusika,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nikupongeze kwa tangazo la mwaka huu ulilobandika getini. Karatasi ni nyeupe kuliko ya mwaka jana, gundi imeshika, na mhuri umegongwa kwa uangalifu juu ya maneno "Huduma zitarejea baada ya sikukuu". Chini yake umetutakia Krismasi Njema na Heri ya Mwaka Mpya. Mgonjwa wa pombe anayelisoma tarehe 26 huku mikono ikitetemeka hata asiweze kushika komeo la geti, bila shaka anajisikia kukumbukwa.

Mimi na kaka yangu tumekwishafika hapo getini. Mlinzi alitupokea kwa heshima zote. "Wameenda kula sikukuu," alisema, akatuelekeza kwenye namba ya simu iliyoandikwa ukutani. Tukapiga, ikaita mpaka ikakatika. Kwa hiyo nina ombi dogo la kuanzia: mlinzi huyo apandishwe cheo awe daktari, maana ndiye peke yake aliyemshika mgonjwa bega na kumuuliza kama amekula.

Najua ratiba yako imebana. Uhuru tarehe 9 Desemba, Krismasi, Boxing Day, mwaka mpya, na kabla mtu hajajinyoosha, Mapinduzi tarehe 12 Januari. Bahati mbaya mwili wa mlevi haukupewa nakala ya ratiba hiyo. Aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla, kutetemeka na kutokwa jasho huanza saa chache tu baadaye. Kuanguka kifafa huja mara nyingi kati ya saa 6 na saa 48 tangu glasi ya mwisho. Kuweweseka na kuona watu wasiokuwepo hufuata siku ya pili au ya tatu, na hapo mtu anaweza kufa. Piga hesabu mwenyewe: aliyeapa mbele ya ukoo mkesha wa Krismasi kwamba haonji tena, zamu yake ya kufa inaangukia kwenye likizo yako.

Na wanaoapa ni wengi, kwa sababu Desemba ndipo sisi Wachaga tunapokutana kiukoo. Magari ya Dar yamepanda mlimani, ndafu iko motoni, pombe ya mbege imeiva, wajomba wameketi kikao na kila mmoja ana kata yake mkononi: "Kijana, mwaka huu pombe basi." Akikubali anapigiwa makofi. Akianza kutetemeka anafungiwa chumbani na jagi la maji na Biblia. Hakuna aliyewahi kuwaambia wajomba kwamba mnywaji wa kila siku huachishwa chini ya uangalizi wa daktari, kwa dawa kama diazepam na vitamini B1. Kuwaambia ilikuwa kazi yako.

Sasa nije kwenye ombi lenyewe. Naomba ofisi yako ihamie baa.

Sizungumzii baa kubwa, ile ya kona ya stendi inatosha. Krismasi inafunguliwa mapema kuliko kanisa. Haidai barua ya rufaa wala haiulizi mgonjwa ameambatana na nani. Utapewa meza moja karibu na friji, mhuri wako utatundikwa msumari mmoja na kifungulio cha chupa, na mafaili yatapangwa kwenye makreti matupu, ambayo Desemba hayaadimiki. Presha itapimwa wakati DJ anabadilisha wimbo.

Mapokezi akae dada wa kaunta. Anamjua kaka yangu kwa jina la ubatizo na la utani, anajua anapolala, na asipoonekana siku mbili anatuma kijana wa bodaboda kumuulizia. Utasema anafuata deni lake. Ni kweli, lakini anamfuata. Isitoshe, dada huyu ana daftari. Siku daktari wako alipopatikana alimuuliza kaka anakunywa kiasi gani, kaka akajibu "kidogo tu", na kwenye faili ikaandikwa hivyohivyo: kidogo tu. Kwenye daftari la madeni kuna tarehe, aina ya kinywaji, idadi ya chupa, na mwisho wa kila mstari sahihi ya kaka, ambayo mwanzoni mwa Novemba ni sahihi ya mtu aliyesoma, kufikia katikati ya Desemba imelala upande, na Krismasi ni mkwaruzo. Sijaona faili la hospitali linaloeleza ugonjwa vizuri namna ile.

Gharama zisikutishe, kodi ya kuzilipia iko palepale: kila chupa ina stempu ya kodi ya kielektroniki, na chupa inafuatiliwa tangu kiwandani. Anayepotea njia ni mnywaji.

Wala usiniambie haiwezekani. Muhimbili walianza kutoa methadone mwaka 2011 kwa vijana wa unga, na dozi ile ilipangwa inywewe kila siku mbele ya mhudumu, kwa sababu aliyeipanga alijua kwamba arosto haina Krismasi. Ni kweli inamfunga mtu: jirani yetu anayeitumia hapandi mlimani kula sikukuu, anabaki Dar na dozi yake. Lakini yuko hai. Kumbe likitakiwa linafanyika. Wa pombe tumekosa nini?

Unajua nani alikuwa daktari wa zamu Krismasi ile tuliyorudishwa getini kwako? Mama yangu. Kaka alishindwa kushika kikombe, chai ya moto ikamwagika yote mapajani na asistuke. Mama akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na kata ya mbege, akamshikia mdomoni kama anayenywesha mtoto. Akatulia. Mama ambaye miaka yote amefunga na kusali mwanawe aache pombe, siku hiyo alimnywesha kwa mkono wake kwa sababu geti lako lilikuwa na kufuli. Hilo sikusamehe, Mheshimiwa. Utastaafu, utaagwa kwa keki na hotuba, na bado sijakusamehe.

Samahani, nimepandisha sauti.

Maombi mengine ni madogo. Namba ya ukutani ipakwe rangi au ipokelewe. Bango lako la "Sema Hapana" lihamishiwe kwa wajomba. Na tangazo la mwakani, kama lazima liwepo, litaje hospitali ipi ina daktari wa zamu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dada wa mgonjwa

Nakala kwa:
Dada wa kaunta, kwa taarifa.
Wote wenye ndugu anayetetemeka au kuweweseka baada ya kuacha pombe, kwa utekelezaji: msimfungie chumbani. Mpelekeni kitengo cha dharura cha hospitali usiku huohuo, na semeni wazi kwamba ni mnywaji wa kila siku na ameacha lini.