Jinsi ya Kushinda Ugomvi wa Leseni Bila Kuandika Programu

Umejiunga na jumuiya ya programu huria na huna cha kuchangia? Ondoa shaka. Kuandika programu kunachosha. Kugombania leseni kunahitaji vidole na kiburi tu. Fuata hatua hizi.

1. Chagua kambi kabla ya kusoma. Kambi ya GPL, leseni aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1989, inasema: chukua, badili, gawa, ila ukigawa toa na msimbo chanzo kwa masharti yaleyale. Kambi ya BSD na MIT inasema: chukua, fanya utakalo, hata ukiufungia msimbo na kuuza, mradi jina la mwandishi lisifutwe. Ya kwanza inamlinda mtumiaji wa mwisho. Ya pili inampa nafasi mtaalamu anayechukua kazi ya mwenzake. Ukilisema hili waziwazi ugomvi utapoa, kwa hiyo nyamaza.

2. Sahihisha kabla ya kusaidia. Mgeni akiuliza, "Jamani, mbona printa yangu haichapi kwenye Linux?" mjibu, kama Stallman anavyosisitiza, "Sema GNU/Linux!" Printa itasubiri. Usimwambie kwamba Stallman naye aliudhiwa na printa ya Xerox alipokuwa chuoni MIT, akanyimwa msimbo wa printa hiyo. Yeye alikwenda kuandika programu, na huo si mfano wa kuiga.

3. Gombania toleo. GPL toleo la 3 lilipotoka mwaka 2007, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikataa kuihamishia huko. Hakupenda sharti la kumzuia mtengenezaji wa kifaa kukifunga kisikubali programu iliyobadilishwa na mwenye kifaa. Linux imebaki na toleo la 2, la mwaka 1991. Kesi imekwisha zamani; ifufue kila mwezi.

4. Usicheke mzaha. Mwanaprogramu Douglas Crockford aliweka katika leseni yake sharti kwamba programu itumike kwa wema, si kwa uovu. Watu wa Debian, mfumo huria wa Linux, hawakucheka: programu huria haichagui matumizi, kwa hiyo yenye sharti hilo si huria. Kumbe mwovu naye ana haki zake. Simama umtetee.

5. Kampuni ikibadili leseni, gawanyikeni. Mwaka 2021 kampuni ya Elastic iliiondoa programu yake ya utafutaji, Elasticsearch, kwenye leseni huria ya Apache, ikiilalamikia Amazon. Amazon ikachukua msimbo wa awali na kuanzisha OpenSearch. Mwaka 2024 kampuni ya Redis nayo ikabana leseni ya hifadhidata yake, na kutoka msimbo wa awali ikazaliwa Valkey. Baadaye Elastic na Redis ziliongeza AGPL, leseni huria, miongoni mwa chaguo zao. Wewe uliyetukana watu kwa niaba yao hukupewa hata asante.

6. Hatua hii iruke: fungua faili la leseni ulisome. La MIT lina aya chache tu, na kulisoma kutakuharibia mjadala mzima.

Ukishindwa kujizuia ukalisoma, basi kubali na hili: leseni huchaguliwa na aliyeandika msimbo, si na mpita njia. Usipoipenda, andika programu yako uiwekee leseni uitakayo. Ila usisahau kuiweka, maana msimbo usio na leseni yoyote, hata ukiwa hadharani, haki zake zote ni za mwandishi, na hakuna kambi inayoruhusiwa kuugusa.