Sifa Zake Ndege Nyuki

Katika vyombo vyote vilivyobuniwa kwa ustawi wa binadamu, sioni kilichosengenywa bure kuliko ndege nyuki. Kila inapopita juu ya paa watu hunung'unika: inachungulia, inarekodi, haina adabu. Haya ni maneno ya watu wasio na shukrani, na leo nimeona niisemee, kwa kuwa yenyewe imejaliwa jicho lakini haikujaliwa mdomo.

Tuanze na hiyo adabu. Mgeni wa kawaida hufika mlangoni akapiga hodi, akangoja, akapiga ya pili na ya tatu. Mwenyeji aache shughuli yake, atafute kanzu, amkaribishe, amtandikie mkeka, na kama sukari imekwisha, mtoto akimbizwe dukani. Ndege nyuki haimsumbui mtu kiasi hicho. Huja moja kwa moja hadi uani, ikamwona mwenye nyumba vile alivyo, ikaondoka bila kudai hata maji ya kunywa.

Nimeishuhudia karama yake harusini. Wanawake walikuwa uani kwenye masufuria ya pilau, mitandio wameitundika kambani kwa sababu ya joto la kuni, mmoja amejifunga kanga kifuani anamenya vitunguu saumu. Mpiga picha, ambaye kazi yake ilikuwa kumrekodi bwana harusi akishuka garini, akaipandisha ndege yake kidogo zaidi. Mvumo uliposikika, mama wazima ambao hawajakimbia tangu darasa la saba walitimua mbio, wote wakajazana chini ya kibanda cha jiko. Mazoezi ya namna hiyo watu wa mjini huyalipia kila mwezi. Na video ilitoka safi mno, hata punje za vitunguu unaweza kuzihesabu.

Wapinzani hudai kwamba nyumbani ni mahali pa stara. Tuache unafiki. Nani kati yetu hajapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri ugomvi wa jirani? Nani hasogezi pazia kila gari geni linapoegeshwa mtaani? Maradhi ya kutaka kujua ya watu tunayo sote, tofauti ni kwamba tumekuwa tukiyauguza kwa aibu. Ndege nyuki imeyapa hadhi. Aliyepanda mwembe kuchungulia kwa jirani aliitwa mmbea. Anayechungulia kutoka angani anaitwa rubani, ana leseni, na watoto humzunguka wakitamani kuwa kama yeye.

Wamarekani waliling'amua jambo hili mapema. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya bwana mmoja wa Santa Clara, California, aliyeuzungushia uwanja wa nyumba yake uzio wa futi 6, na ndani yake mwingine wa futi 10. Polisi waliposhindwa kuchungulia wakiwa chini, walipanda ndege, wakapita futi 1,000 juu, wakaiona bangi yake. Majaji 5 dhidi ya 4 wakasema kibali hakikuhitajika, kwani yeyote apitaye angani angeliona hilohilo. Hoja imenyooka. Tangu siku hiyo kila mwenye ukuta anajua amejenga nusu, na nusu iliyobaki ni kuuezeka uwanja mzima.

Enzi zile ilibidi kutafuta ndege kamili na rubani wa kukaa ndani yake. Leo mambo ni mepesi. Huko Chula Vista, California, karibu na mpaka wa Mexico, tangu mwaka 2018 polisi hurusha ndege nyuki kutoka juu ya paa mara wapokeapo simu ya msaada, nayo mara nyingi hufika kabla ya askari. Njiani hupita juu ya nyua za watu ambao hawakupiga simu yoyote, na hivyo nao wanahudumiwa bila kutumia hata senti ya vocha. Gazeti la La Prensa San Diego lilipoomba video za mwezi mmoja tu, Machi 2021, jiji lilikataa: zote ni kumbukumbu za upelelezi, na kuzipitia na kuficha nyuso za watu kungekula siku nyingi mno za kazi. Tazama uungwana huo! Waliorekodiwa wanatunziwa siri zao kwa uaminifu mkubwa hata wenyewe wasizione. Bahati mbaya Mahakama ya Rufani, Desemba 2023, iliutia dosari utaratibu huu iliposema haiwezekani video zote zikawekwa fungu moja.

New York nao hawakubaki nyuma. Kabla ya wikiendi ya sikukuu yao ya wafanyakazi, Septemba 2023, polisi walitangaza kwamba wikiendi hiyo watu wakilalamikia sherehe kubwa nyuma ya nyumba, ndege nyuki itakwenda kuangalia. Watu hugharamika kualika wageni rasmi, na hapa serikali inajileta yenyewe.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, na mwaka 2022 tukaongeza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakenya walikuwa na yao tangu 2019. Ni sheria nzuri, na sina shaka kijana anayeipitisha ndege yake juu ya bafu la makuti amezisoma zote. Ila wanaozitaja kila mara wanasahau upweke wa siku hizi. Kuna wazee ambao watoto wao hawajawajulia hali tangu Idi iliyopita. Ndege nyuki huwatazama mara mbili kwa wiki, tena kwa makini, na ikiona jambo hurudi kuliangalia kwa karibu.

Nawasihi basi wanaojenga mwaka huu: msipoteze tofali kwa ukuta mrefu, wala msisumbuke kupanga vipande vya chupa juu yake. Fedha hiyo nunueni bati zuri la rangi, na kanga za kuanika ziwe mpya.